Jumapili hii Ulaya wanageuza saa tena. Mwaonaje, si waache kabisa? Na wakiacha wabaki na saa ipi?

BintiMalindi – Jumatano 22 Oktoba 2025

Assalam aleikum wandugu, habari zenu. Naleta hili hapa manake najua humu kuna watu wafanya kazi na Waitaliano kama mimi, kuna wenzetu walio huko huko Ulaya na kuna walimu wenye elimu ya haya mambo. Jumapili hii tarehe 26 Ulaya wanarudisha saa nyuma. Italia ambayo tangu mwisho wa Machi tumeitangulia saa moja tu, sasa tutaitangulia masaa mawili mpaka Machi ingine, halafu wasogeze mbele tena turudi saa moja. Kila mwaka mara mbili.

Mimi nasimamia nyumba za kukodisha hapa Malindi, wenyewe wako Italia na wageni wengi ni Waitaliano. Kila Jumatatu tuna mkutano wa video saa tisa alasiri ya kwao. Sasa hivi saa tisa yao ni saa kumi kwangu, inanifaa sana, naongea nao nikimaliza nampa mpishi hesabu ya wageni kabla hajaenda kungoja mashua za samaki, namwambia dereva ndege za wiki, kisha natoka kumchukua mtoto chuoni. Kuanzia Jumatatu ijayo saa tisa ile ile ya kwao ni saa kumi na moja kwangu, na saa kumi na moja mtoto yuko mlangoni kwa maalim anangoja, mpishi keshanunua samaki kwa kukisia, na mimi nimeshika simu mkononi niko ndani ya tuktuk nasema si si va bene huku upepo wapiga na mtandao wakatika.

Ndege nazo. Tuseme ndege ya kukodi yatoka Milano saa mbili usiku ya kwao, wiki hii itaingia Mombasa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, na wiki ijayo ndege ile ile, saa ile ile ya Milano, yaingia saa kumi na mbili na nusu. Dereva abadilishe, mtu wa chamshakinywa abadilishe, mwenye boti aliyeahidi kuwapeleka wageni baharini asubuhi abadilishe pia kwa sababu bahari nayo ina maji yake kujaa na kupwa, haimngoji mtu. Na usiku ndio zaidi, mwenye nyumba amaliza chakula chake saa nne ya kwao akumbuke bomba la maji lavuja Malindi, anipigie, kwangu ni saa sita usiku.

Sasa kinachoniuma ni kwamba hili jambo walishaliamua wenyewe. 2018 Tume ya Ulaya iliuliza wananchi, wakajibu watu milioni 4.6 na asilimia 84 wakasema kugeuza saa kuachwe. Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura, 410 kwa 192, iachwe ifikapo 2021. Halafu likafika kwa mawaziri wa nchi zao likakwama hapo mpaka leo 2025. Juzi Jumatatu waziri mkuu wa Uhispania Pedro Sánchez kalifufua tena, asema haoni maana ya kuendelea kugeuza.

Mimi naona waache, na wabaki na saa ya kiangazi (ile ya mbele waliyo nayo sasa) mwaka mzima, ili sisi na wao tuwe saa moja tu tofauti. Uturuki walifanya hivyo 2016, leo saa ya Istanbul na saa ya Malindi ni moja mwaka mzima, hamna hesabu. Nyinyi mwasemaje? Na kuna mtu anajua kwa nini wanashindwa kuacha jambo ambalo watu wao hawalitaki?

---

KijanaWaMaweni – Jumatano

Wa aleikum salaam dada. Mimi nauliza tu, kwani sisi Kenya kwa nini hatugeuzi? Si na sisi tungegeuza siku moja na wao ndio tofauti ibaki ile ile, kazi ikaenda?

---

MwalimuWaAmu – Jumatano

Kijana swali lako ni zuri, ngoja nikujibu kabla sijamjibu dada maana jibu lako ndilo linafungua hili lote.

Kinachogeuzwa pale ni mwangaza wa asubuhi. Chukua Milano. Mwezi wa Juni mchana wao ni masaa kumi na tano na nusu hivi, Desemba haufiki hata masaa tisa. Sasa kama saa yao ingekaa palepale, Juni jua lingetoka saa kumi na nusu alfajiri hivi watu wamelala, mwangaza wapotea bure, na jioni giza laingia mapema kuliko wanavyotaka. Wakisogeza saa mbele ni kama wamechukua saa moja ya mwangaza kule alfajiri wakaihamishia jioni. Hivyo tu. Sasa njoo Malindi ama huku kwetu Amu (Lamu), kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa tofauti haifiki hata nusu saa. Mwanzo wa Novemba jua latoka kabla kidogo ya saa kumi na mbili, Februari na Julai latoka karibu saa kumi na mbili na nusu, basi. Hatuna mwangaza wa ziada alfajiri wa kuhamisha. Tukigeuza, watoto wa skuli ndio wataamshwa gizani na jioni hatutapata lolote la maana, na swala ziko pale pale kwa jua.

Wako wa Afrika waliojaribu. Mauritius walijaribu msimu mmoja wa 2008 kuingia 2009, wakaacha. Namibia waligeuza miaka mingi wakaacha 2017. Misri waliacha, kisha 2023 wakarudia. Na Moroko wana yao ya peke yao, tangu 2018 wamekaa saa moja mbele mwaka mzima isipokuwa Ramadhani, Ramadhani ikikaribia wanarudisha saa nyuma ili futari isichelewe sana kwa saa, Ramadhani ikisha wanasogeza tena. Kwa hivyo mfanyabiashara wa Moroko hata kalenda ya kizungu haimtoshi, lazima ajue na mwezi.

Sasa kwako dada BintiMalindi. Mimi nakuelewa taabu yako lakini sikubaliani na wewe, wala sikubaliani na hao wa asilimia 84 (na kumbuka hao waliojibu wengi sana walikuwa Wajerumani, zaidi ya milioni tatu kati ya hizo 4.6, si Ulaya nzima). Kugeuza saa hakukuletwa na wendawazimu. Wa kwanza kulipendekeza kwa utaratibu ni George Hudson wa New Zealand 1895, alikuwa mfanyakazi wa posta akipenda kukusanya wadudu baada ya kazi, akataka jioni ndefu. Kisha Muingereza William Willett 1907. Wajerumani ndio wakalianza kitaifa 30 Aprili 1916, vita vimepamba moto, wataka kuokoa makaa ya mawe, na Waingereza na Waitaliano wakafuata mwaka ule ule.

Na walioacha kugeuza wakabaki na saa ya kiangazi mwaka mzima, kama unavyotaka wewe, yaliwakuta. Uingereza walijaribu 1968 mpaka 1971, wakarudi. Marekani walijaribu Januari 1974 wakati wa shida ya mafuta, wazazi wakapiga kelele watoto wanakwenda skuli gizani, Oktoba mwaka ule ule washarudisha. Urusi 2011 walijifunga na saa ya kiangazi, 2014 wakaivunja. Mtu ukiona nchi tatu kubwa zimejaribu jambo moja zikarudi, ujue kuna sababu. Mawaziri wa Ulaya wanakwama kwa sababu hiyo hiyo, kuacha ni rahisi kusema, lakini ukiacha lazima uchague saa moja, na wa kaskazini na wa kusini, wa mashariki na wa magharibi, kila mmoja ataka yake. Uhispania iko magharibi sana na Poland iko mashariki na zote zatumia saa moja! Kwa hivyo mimi nasema wageuze tu, ni usiku mmoja Machi na usiku mmoja Oktoba.

---

MwenyeBanda_Amu – Jumatano usiku

Mwalimu heshima yako lakini "usiku mmoja" si kweli, sisi wa huku twabeba miezi mitano. Mimi nina banda la kuonyesha mpira hapa Amu. Mechi za Uingereza za Jumamosi saa tisa yao, Jumamosi hii zaanza saa kumi na moja jioni kwetu. Watu wamaliza Alasiri, wakaja, kipindi cha kwanza chote waona, cha pili kinaingia Magharibi nazima sauti, wa kwenda wanakwenda, ni dakika chache wanarudi wanaona mwisho. Jumamosi inayofuata tarehe 1 Novemba mechi zile zile zaanza saa kumi na mbili juu ya alama. Na wakati huo wa mwaka Magharibi huku yaingia saa kumi na mbili na dakika tano hivi. Yaani firimbi na adhana vyalia pamoja.

Mimi ikifika adhana sionyeshi, nafunga. Sina mjadala na hilo na wala sitaki mtu anifunze njia. Lakini ujue hao vijana hawarudi tena, wakitoka msikitini wanaona mechi ishafika mbali wanakwenda zao bandarini na simu. Kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi Jumamosi yangu haina kitu. Zile za Ulaya za katikati ya wiki nazo, zile za saa tatu usiku ya kwao, zatoka saa nne zaenda saa tano usiku, mechi yaisha karibu saa saba, mtu ana mashua ya kusukuma alfajiri atakaa vipi?

Mimi niko na BintiMalindi, waache na wabaki na ya kiangazi.

---

NesiTorino – Alhamisi 23 Oktoba

Salamu zenu kutoka Torino. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, niko huku miaka mingi, nafanya kazi ya unesi kwenye nyumba ya wazee na Jumamosi hii usiku niko zamu. Kwa hivyo naandika kama mtu ambaye saa itageuziwa mikononi mwake.

Mwalimu umesema ni usiku mmoja, ngoja nikueleze huo usiku mmoja. Huku ikifika saa tisa usiku tunarudisha saa nane. Kwa hivyo saa nane na nusu inakuja mara mbili. Kwenye daftari la wodi lazima kila kitu kiwe na saa, nani kageuzwa ubavu saa ngapi, nani kapewa dawa saa ngapi, nani kaanguka saa ngapi. Ukiandika saa nane na nusu, wa asubuhi atajuaje ni ipi? Sisi tunaandika pembeni kwa mkono "kabla" na "baada", hilo tumejitungia wenyewe manesi. Nina mzee mmoja ana Parkinson, dawa yake ni saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Usiku ule kati ya dozi na dozi yapita masaa saba badala ya sita. Mwili wake haujui kama serikali imegeuza saa. Kabla ya kufika saa kumi na mbili mkono washaanza kumtetema na mguu umekauka, anaomba msaada kugeuka kitandani, na dawa kwenye mashine ya kugawia imefungwa kwa saa mpaka ifike. Nampigia daktari wa zamu niombe ruhusa kumpa mapema. Na wale wenye kusahau, walioharibikiwa na kumbukumbu, hao wanachukua wiki mbili. Jioni giza laingia saa moja mapema kuliko jana, wanaanza kuhangaika, wataka kwenda nyumbani kwao, wamuita mama yao.

Na hiyo saa ya ziada tunayoifanya kazi usiku ule, mahali nilipokuwa kabla ya hapa hatukuiona kwenye mshahara mpaka tulipoandika barua sote pamoja.

Machi ndio mbaya zaidi kwa mwili wa mtu mzima, kwa sababu usingizi unakatwa saa nzima. Watafiti wa Sweden walichapisha 2008 kwamba siku za mwanzo baada ya saa kusogezwa mbele, watu wanaopata shambulio la moyo huongezeka. Mwaka huu Idi ilituangukia Jumapili 30 Machi, siku ile ile ya kusogeza saa. Baada ya mwezi mzima wa kuamka daku, usiku wa Idi tunanyang'anywa saa moja, na msikitini swala imetangazwa kwa saa mpya, kuna familia zilifika watu wanatoka wamekumbatiana. Mama mmoja na watoto wake wamevaa vizuri wamesimama nje, sitasahau sura zao.

Kwa hivyo waache, hapo niko na dada yangu BintiMalindi kwa moyo wote. Lakini kubaki na saa ya kiangazi, hapana. Dada nakuomba unielewe. Desemba hapa Torino jua latoka saa mbili asubuhi, hiyo ni kwa saa ya baridi. Ukiweka ya kiangazi litatoka saa tatu. Watoto wanaingia skuli saa mbili, yaani somo zima la kwanza ni giza totoro na barafu barabarani. Hao Waturuki unaowasifu, Januari Istanbul jua latoka karibu saa mbili na nusu asubuhi na watoto washafika skuli zamani. Madaktari wa usingizi wa Marekani, ile taasisi yao kubwa, walisema wazi 2020 kwamba kama ni kubaki na saa moja basi iwe ile ya kawaida, ya baridi, kwa sababu mwili wahitaji mwangaza asubuhi ili ulale usiku.

Na mwalimu, mifano yako mitatu naichukua mimi. Uingereza, Marekani, Urusi, wote walirudi kutoka saa gani? Ya kiangazi. Urusi walipoivunja 2014 hawakurudia kugeuza, walikaa na saa ya baridi na mpaka leo hawageuzi. Arizona kule Marekani tangu 1968 karibu jimbo zima wamekaa na saa ya kawaida hawagusi. Kwa hivyo kilichoshindikana si kuacha, kilichoshindikana ni kuchagua saa isiyofaa.

---

MwalimuWaAmu – Alhamisi

Nesi hoja yako ya Urusi na Arizona ni nzito, sitaikataa. Lakini Arizona ni jangwa, jua kwao ni adui, jioni ndefu hawaitaki kwa hivyo usiwafanye kipimo cha Torino. Na ukikaa na saa ya baridi Juni kwenu jua litatoka saa kumi na moja kasoro robo alfajiri hivi na jioni zenu zile za kiangazi, watu kukaa nje, biashara za mikahawa, zakatwa saa nzima. Waulize wenye mikahawa huko watakubali? Mimi bado naona kugeuza ndio kunawapa kila msimu haki yake. Ila hilo la mzee na dawa sikulijua, na nadhani hata hao mawaziri hawalijui.

---

KaziMtandaoni – Alhamisi

Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Mimi niko Malindi nafanya kazi ya mtandaoni, nina wateja Italia na nina wateja Marekani, na hao hawageuzi siku moja! Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani tangu 2007 ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hivyo mwaka huu Ulaya watarudisha tarehe 26 na Marekani tarehe 2 Novemba, wiki nzima katikati Italia washabadilika na New York bado. Machi ni wiki tatu ama mbili kutegemea mwaka. Nikiwa na mkutano wa watu watatu, mmoja Milano, mmoja New York na mimi hapa, wiki hiyo hakuna mtu anajua saa ngapi isipokuwa mimi, na mimi ndiye nimekaa mahali ambapo saa haijaguswa.

Na hao Marekani nao walikaribia kuacha, Machi 2022 Seneti ilipitisha kwa kauli moja saa ya kiangazi iwe ya kudumu, lile bunge lingine halikuipitisha ikafa hapo. Meksiko wao waliacha kweli Oktoba 2022 isipokuwa sehemu za mpakani, na wamebaki na saa ya kawaida, nesi huo ni mfano mwingine wa kwako.

Halafu ile hoja ya kuokoa umeme ambayo ndiyo ilianzisha yote, imebaki ndogo sana. Wizara ya nishati ya Marekani ilipima 2008 zile wiki walizoongeza kwenye saa ya kiangazi 2007, wakapata wameokoa kama nusu asilimia ya umeme kwa siku. Na Indiana, jimbo lao jingine, walipoanza wote kugeuza 2006 wachumi walipima bili za majumbani wakakuta umeme umepanda kama asilimia moja, kwa sababu watu warudi nyumbani jua bado kali wawasha mashine za baridi. Zamani umeme mwingi ulikuwa wa taa. Leo taa ni kitu kidogo. Sasa kama umeme hauokolewi, wazee wataabika, wafanyakazi wataabika, yabaki nini? Jioni za mikahawa?

---

KijanaWaMaweni – Alhamisi

Nimefahamu sasa mwalimu, shukran. Lakini kwani haiwezekani dunia ya kazi itumie saa moja tu? Babangu alikuwa akifanya vibarua kule Ngomeni kwenye kituo cha Waitaliano cha roketi, akisema kule ndani saa ya ukutani ilikuwa haifanani na saa ya mtu yeyote.

---

MwalimuWaAmu – Alhamisi

Hiyo ni saa ya ulimwengu kijana, UTC, haigeuzwi kiangazi wala baridi. Kituo hicho cha Ngomeni ndicho kilichorusha setilaiti ya Uhuru 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu za uhuru. Watu wa setilaiti hawawezi kukubali saa nane na nusu mbili usiku mmoja. Manahodha wa meli na marubani nao hutumia hiyo hiyo. Na nchi za Ulaya zinazogeuza hugeuza pamoja kwa kufuata hiyo, ni saa saba usiku ya UTC, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Ila kumwambia mpishi na mwenye boti watumie UTC hilo haliwezekani, kazi zao zafuata jua na maji.

---

BintiMalindi – Ijumaa 24 Oktoba

Wandugu nimesoma yote na nashukuru sana. NesiTorino dada yangu, umenigusa. Mimi nilikuwa naliangalia kwa upande wa mkutano wangu na ndege zangu, sikuwa nafikiria mtoto anayekwenda skuli kwenye giza na barafu. Kama waachapo watabaki na saa ya baridi, sisi na Italia tutakuwa masaa mawili mwaka mzima. Haya, mimi nakubali. Masaa mawili yasiyobadilika nitayapanga. Nitahamisha mkutano mara moja, nitamwambia mpishi mara moja, dereva mara moja, imekwisha. Kinachonimaliza si tofauti yenyewe, ni kule kubadilika, kila nikishawazoesha watu kumi na wawili ratiba moja yabidi niwazoeshe ingine. MwenyeBanda pole sana, najua wewe hapo hukupata kitu, kwako ya baridi ndio ile ya firimbi na adhana mwaka mzima.

Mwalimu nawe kwa heshima zote, msimu ukipewa haki yake huko, huku kuna mtu analipa. Waitaliano wamekaa na sisi Malindi zaidi ya nusu karne, wana nyumba hapa, wana ndugu hapa, lakini bunge lao likijadili saa sidhani kuna aliyemtaja dereva wa Malindi.

Mpaka waache, mimi nimeamua msimu huu mikataba yote niandike saa za Afrika Mashariki, na meseji zote za ndege niweke saa mbili pamoja, ya kwao na ya kwetu. Lakini mkutano wa Jumatatu wenye nyumba wamekataa kuhamisha, wasema saa tisa ni saa tisa. Kuna njia gani ya simu inikumbushe yenyewe bila mimi kupiga hesabu kila Oktoba?

---

FundiSimu_Malindi – Ijumaa

Iko dada na ni rahisi. Makosa wafanyayo watu wengi ni kuandika mkutano kwenye kalenda kwa saa ya simu yao, yaani saa ya Nairobi. Hapo hata Italia wageuze mara kumi, simu yako yabaki saa kumi jioni, na yeye kule ndiye ataona umehama. Fanya hivi. Fungua ule mkutano kwenye kalenda, ingia kuhariri, chini ya saa pana sehemu ya eneo la saa, imeandikwa Nairobi. Ibonye, tafuta Rome, chagua. Kisha andika saa tisa alasiri, ile ile ya kwao. Weka ijirudie kila Jumatatu. Kuanzia hapo simu yenyewe ndiyo itajua Italia wako saa ya baridi ama ya kiangazi na itakugeuzia. KaziMtandaoni nawe wa Marekani waweke New York, usiweke kila kitu Nairobi, ile wiki ya katikati itajipanga yenyewe.

Ila lile la kengele ya asubuhi ya dereva liache Nairobi, usiliguse. Na simu yako iwe na masasisho mapya, manake nchi ikibadilisha sheria ya saa ghafla simu ya zamani haitajua. Meksiko walipoacha kuna simu zilijigeuza saa zenyewe wakati hakuna aliyegeuza.

---

BintiMalindi – Ijumaa

Nimefanya sasa hivi. Jumatatu tarehe 27 imehamia saa kumi na moja yenyewe, na nikisogeza mpaka Machi naona tarehe 30 imerudi saa kumi. Allah akuzidishie. Nimeshaongea na mamangu, hizo Jumatatu yeye atampitia mtoto chuoni.

---

NesiTorino – Ijumaa

Alhamdulillahi. Na mimi nimeomba daktari aandike leo leo ruhusa ya yule mzee apewe dawa kwa masaa sita kamili, si kwa saa ya ukutani. Kakubali, iko kwenye faili.